Samaki Wanaofuata Mvua: Somo la Mto Kuja na Ningu

Mvua ikinyesha Ekerenyo usiku kucha, asubuhi wenyeji huona mambo waliyokwisha kuyazoea: njia zina utelezi, majani ya chai yanang'aa, na vijito vya bondeni vimegeuka rangi kuwa kama udongo wenyewe. Wachache hukumbuka kwamba maji hayo yana safari ndefu mbele yake, na kwamba huko mwisho wa safari kulikuwa na kiumbe aliyeyangoja kwa hamu kama mkulima anavyoingoja mvua. Kiumbe huyo ni samaki, na Wajaluo humwita ningu. Katika somo hili twataka kueleza habari zake, namna alivyovuliwa kwa majira, na sababu iliyomfanya apungue hata vijana wengi wa leo hawamjui ila kwa jina.

Kwanza tufuate maji. Maji ya Nyamira hugawanyika: mengine hushika njia ya mto Sondu na kuingia Ghuba ya Winam, mengine huingia mto Gucha, ambao chimbuko lake ni vilima vya Kiabonyoru, upande wa Borabu. Gucha hupita katika nchi ya Abagusii, na ukiingia kwa Wajaluo huitwa Kuja. Huko huungana na mto Migori, kisha huingia Ziwa Victoria katika tambarare za Nyatike. Sehemu za juu za Nyamira zafika karibu mita 2,100 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita 1,134 tu. Basi maji yakiwa huku juu hukimbia. Yakifika tambarare huchoka, mto hupita kingo zake, na nyasi za malisho hufunikwa. Hapo hutokea kijiziwa cha muda, ambacho mahali pengi maji yake hayapiti magoti ya mtu mzima. Hukaa majuma machache, kisha hukauka.

Mgeni akiyaona maji hayo husema ni hasara tupu. Hasara ipo kweli, maana mafuriko ya Nyatike yameharibu mashamba na kuwatoa watu majumbani mwao mara nyingi. Lakini kwa ningu yale majani yaliyofunikwa ndiyo nyumba ya uzazi.

Ningu si samaki mkubwa. Ni nadra kupita sentimita 40. Mdomo wake umeelekea chini, kwa kuwa chakula chake hukikwangua juu ya mawe na matope. Maisha yake mengi huyapitisha ziwani, karibu na pwani na midomo ya mito. Mvua kubwa ianzapo, yaani tangu Machi hadi Mei, na tena wakati wa vuli, mto huleta maji mapya ya rangi ya udongo, na ningu huyatambua. Hapo hukusanyika kwa makundi, majike wamejaa mayai, nao huanza kupanda mto. Wakifika penye furiko huingia katika nyasi, hutaga mayai kwa maelfu, na hawakawii: hurudi ziwani upesi kabla maji hayajapungua. Mayai huanguliwa kwa muda mfupi sana, na vitoto hukua katika maji yale yenye joto na chakula tele, mahali ambapo samaki wakubwa walao wenzao hawafiki kwa urahisi. Maji yakianza kushuka, navyo hushuka. Vinavyochelewa hufia matopeni au huliwa na ndege.

Ningu hakuwa peke yake katika desturi hii. Fwani na mumi pia hupanda mito wakati wa mvua. Hata hivyo hawakuweza kuendelea hadi vilimani kwetu, maana juu ya mto Kuja kuna Maporomoko ya Gogo, ambayo ni kizuizi kikubwa kwa samaki.

Wazee wa mitoni walizijua habari hizi zote bila kusomea chuo. Mvua zilipokaribia, walijenga wigo wa fito na matete kukata mto, wakaacha mianya, na katika kila mwanya wakategesha mgono. Wigo wa namna hiyo Wajaluo huuita kek. Kazi ya kuujenga haikuwezekana kwa mtu mmoja; watu walishirikiana, na kila mmoja alijua mahali pake. Msimu ukifika walipata samaki wengi kuliko walivyoweza kula, wakawakausha. Lakini tuangalie jambo moja. Mto ulipofurika sana, maji yaliupita wigo juu na pembeni, na samaki wengi walipita pamoja nayo. Sitaki kusema kwamba wazee walikusudia hivyo kwa huruma. Yamkini walikasirika sana kuona samaki wakienda zao. Hata hivyo matokeo yalikuwa kwamba kila mwaka sehemu kubwa ilifika kwenye nyasi na kutaga.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 1905, nyavu za kutega za kizungu zilipoletwa katika Ghuba ya Winam. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwaka 1901, kwa hiyo soko lilikuwapo. Baada ya muda wa miaka ishirini ngege walionekana kupungua, na Michael Graham akatumwa kulichunguza ziwa katika miaka ya 1927 na 1928. Shauri lake lilikuwa kwamba nyavu zisiwe na matundu chini ya inchi tano. Sheria ikawekwa, lakini kuitimiza ilikuwa kazi nyingine. Katika miaka ya 1950 zilikuja nyavu za nailoni, zisizooza upesi, na mwisho wa miaka hiyo na mwanzo wa miaka ya 1960 sheria ya matundu ikaachwa. Hapo nyavu za matundu madogo zikaenea, na mahali pazuri pa kuzitega palikuwa mdomoni mwa mto, wakati wa mvua.

Hebu msomaji afikiri. Mkulima avunaye mahindi yaliyokomaa hajakosea. Lakini aingiaye ghalani mwezi wa Februari akala mbegu aliyoiweka, atapanda nini? Wavu uliotegwa mdomoni mwa mto humkamata ningu jike siku chache kabla ya kutaga, hali tumbo lake limejaa. Wavu huo haulali, hauna mianya, wala furiko haliupiti kwa urahisi. Mwaka wa kwanza mvuvi hufurahi mno. Mwaka 1965 mtaalamu Cadwalladr alikwisha kuandika juu ya kupungua kwa ningu, na akaonyesha kwamba katika mto Nzoia hata zile njia za kale za kuvua zilikuwa zikififia, kwa sababu samaki wa kuingia katika migono hawakuwapo. Siku hizi watu wengi humlaumu mbuta kwa kila kilichopotea ziwani. Mbuta ana makosa yake mengi, lakini yeye aliongezeka sana katika miaka ya 1980. Ningu alikuwa amekwisha kupunguzwa na mikono ya watu.

Kuna mfano mwingine unaoonyesha thamani ya maji yasiyo na kina. Katika Siaya, kando ya bwawa la Yala, kuna ziwa dogo liitwalo Kanyaboli. Eneo lake ni kama kilomita 10 za mraba, na kina chake ni mita chache tu. Limezungukwa na mafunjo mazito, na mbuta hakuweza kupenya humo kutoka Ziwa Victoria. Ngege wa asili, aliyekaribia kutoweka kabisa katika ziwa kubwa, aliendelea kuishi Kanyaboli, na wataalamu huenda huko kumtafuta. Mafunjo hayo hayo watu walikuwa wakiyaona kama pori la kufyekwa.

Nchini Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka tangu Aprili 1 hadi Julai 31, ili wapate kuzaana. Wavuvi hulalamika, na malalamiko yao si ya uongo, kwa kuwa miezi minne bila mapato ni mirefu kwa mtu mwenye watoto wa shule.

Huku juu tuna kazi yetu. Udongo unaotoka katika mashamba ya mteremko, yaliyolimwa hadi ukingoni mwa kijito, hauishii bondeni; husafirishwa hadi Nyatike na kutanda juu ya zile nyasi. Kwa upande mwingine, tangu mwaka 2009, serikali ilipoanza kusaidia wakulima kuchimba vidimbwi, watu wengi wa Kisii na Nyamira wamejifunza kufuga samaki. Na huko Kegati, karibu na mji wa Kisii, kuna kituo cha utafiti wa ufugaji wa samaki, ambapo ningu pia amechunguzwa: juu ya vilima ambavyo, kwa nguvu zake mwenyewe, hakupata kuvifikia.