Betri Haifi Bure: Mafunzo ya Kibandani Kasungami

Kwa dereva wa taksi-moto hapa Kasungami, betri mpya ni pesa inayotoka kwenye sufuria ya nyumbani. Mwenye pikipiki anataka malipo yake jioni, mafuta yanataka yao, na kinachobaki ndicho kinacholisha watoto. Ndiyo maana inaniuma kumwona kijana akinunua betri, kisha baada ya muda mfupi akinunua nyingine, bila mtu yeyote kushika kipimo na kumwambia ile ya kwanza iliuawa na nini. Kazi yangu ni umeme wa pikipiki, na haya ndiyo niliyojifunza katika mtaa huu wa pembezoni mwa Lubumbashi.

1. Pima betri ikiwa imepumzika, kisha ipime ikiwa kazini

Betri ya volti 12 ina vyumba 6, na kila chumba hutoa karibu volti 2.1. Ikiwa imejaa husoma kati ya 12.6 na 12.8. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 imeishiwa. Ila pikipiki iliyozimwa sasa hivi au betri iliyotoka kwenye chaja hudanganya, kwa kuwa husoma juu kuliko ilivyo. Kanyaga breki, acha taa ya nyuma iwake dakika moja au mbili, ndipo upime.

Kisha bonyeza stata huku jicho likiwa kwenye kipimo. Betri iliyojaa ikiporomoka chini ya volti 9.5 hivi, hiyo imechoka kweli. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Katanga inapouma, hata betri nzima hutoa nguvu pungufu, kwa hiyo usiihukumu alfajiri.

2. Kagua na kipimo chenyewe

Multimita ndogo za njano zinazouzwa sokoni ni nzuri kwa bei yake, lakini betri yake ya ndani ya volti 9 ikichoka, kipimo huanza kusoma juu kuliko ukweli. Utaambiwa 13.1 mahali penye 12.3, nawe utamruhusu mtu aende na betri iliyokaribia nusu. Kila nikiona namba isiyoniingia akilini, naanza kwa kupima betri nyingine ninayoijua.

3. Vuta mafuta, uangalie volti zinapanda au zimelala

Hiki ndicho kipimo kikuu, na ndicho kinachorukwa kuliko vyote. Injini ikiwa inanguruma, vuta mafuta kiasi cha mwendo wa barabarani huku waya za kipimo zikiwa kwenye vichwa vya betri. Volti zikipanda mpaka kati ya 13.5 na 14.8, mfumo unachaji. Zikilala palepale, betri unayotaka kununua itakufa kama iliyotangulia.

Kijana mmoja alisukuma pikipiki yake mpaka kibandani, pesa ya betri tayari iko mkononi.

“Papa fundi, betri imekufa. Niwekee ingine.”

“Ngoja kwanza, mwanangu, tuipime.”

Ilisoma 11.8. Tukawasha pikipiki kwa kiki, nikavuta mafuta, namba ikabaki 11.9. Chini ya kiti nikafungua plagi inayounganisha koili inayozalisha umeme na regulata inayoudhibiti, yenye nyaya tatu za njano. Plastiki ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na pini moja imeungua, nyeusi, inacheza ndani ya tundu lake. Nikaweka kipimo kwenye AC, upande wa koili, nikapima nyaya mbilimbili: jozi zote tatu zilitoa volti sawa. Koili ilikuwa nzima. Tukaweka pini mpya, tukazibana vizuri, na injini ilipowashwa tena nikasoma 14.2. Betri yake ilichajiwa usiku kucha, ikashika. Pesa ilirudi naye nyumbani.

Plagi ile huungua kwa sababu pini iliyolegea huzuia umeme kupita vizuri, na palipozuiliwa hupata moto. Moto hulegeza pini zaidi. Kwa hiyo kabla ya kuitisha regulata mpya, ifungue plagi uitazame kwa macho.

4. Usiihukumu koili kwa kanuni ya pikipiki nyingine

Kuna kanuni inayopita mdomo kwa mdomo kwamba waya wa koili ukigusana na bodi ya injini, koili imekufa. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa koili ya nyaya tatu za njano. Lakini pikipiki nyingi ndogo za Kihindi na Kichina zina koili ambayo ncha yake moja imefungwa kwenye bodi tangu kiwandani. Ukiipima hivyo utasema imeungua, na mteja atalipia kusukwa upya kwa waya mzima wa shaba. Nchi hii ambayo udongo wake umelisha dunia shaba tangu enzi za kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa 1906, haina sababu ya kutupa shaba nzima kwa kutojua.

Vivyo hivyo taa ya mbele. Kwenye nyingi za pikipiki hizo inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili, haipiti kwenye betri. Ikififia injini inaponguruma polepole, hilo halisemi lolote kuhusu betri.

5. Chaji nyingi nayo huua

Volti zikipita 15, regulata imeacha kazi yake. Dalili ni balbu zinazoungua mara kwa mara, betri iliyovimba ubavuni, na maji yake kupungua haraka. Na tafadhali, usichomoe betri injini ikiwa inanguruma ili “kujaribu chaji”. Volti hupanda ghafla, na regulata au balbu zinaweza kwenda hapohapo.

6. Waya wa masi ndio mnyonge wetu

Kiangazi kinatuletea vumbi jekundu, masika yanalibadilisha kuwa tope, na tope huingia mahali waya wa masi, yaani waya wa hasi, unapofungwa kwenye shasi. Weka ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya injini, kisha bonyeza stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, fungua bolti, kwangua kutu, funga tena. Kazi hii inahitaji spana na kipande cha msasa tu.

7. Hesabu vilivyoongezwa

Taa ya LED ya wati 36 hula ampea 3. Betri ya ampea-saa 5 ikiwasha taa hiyo injini ikiwa imezimwa haifikishi saa mbili. Ongeza redio na chaja ya simu iliyounganishwa bila kupitia swichi, nawe una betri inayoisha usiku mwenyewe ukiwa umelala.

8. Chaji polepole, ongeza maji tu

Betri ya ampea-saa 5 inataka nusu ampea, kwa saa kumi au zaidi. Chaja kubwa ya gari huichemsha. Betri ya kufunguliwa huongezewa maji yaliyotoneshwa, si tindikali, wala maji ya kisima. Na chumba cha kuchajia kiwe na hewa, bila sigara, kwani gesi inayotoka hulipuka.

9. Betri iliyokufa bado ina hatari

Mombasa, mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kilieneza madini ya risasi mpaka kwenye damu za wakazi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe aliathirika, aliongoza mapambano, akapata Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliagiza wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kwangu betri mbovu hukaa wima ndani ya beseni la plastiki, mbali na watoto wa uani, mpaka mnunuzi apite. Anayetaka kuipasua hapahapa na kumwaga tindikali mtaroni simuuzii, hata akiongeza bei.