Ushauri wa Shangazi: Kamera ya Bei Kubwa si Lazima

*Mama ana miaka 63, tunaishi naye Leicester. Alifanya kile kipimo cha choo kinacholetwa kwa posta, wakajibu kina damu na wanamwita kwa kolonoskopi. Rafiki yangu anasema hospitali za umma hupitwa na vivimbe, tujikamue tumpeleke kwa daktari wa kulipia mwenye mashine mpya. Mama ana kisukari pia. Tufanyeje?*

Mwanangu, kwanza tulieni: wengi wanaokutwa na damu kwenye kipimo hicho hawana saratani.

Rafiki yako hajakosea kabisa. Vivimbe hupitwa kweli, popote pale. Hujificha nyuma ya mikunjo ya utumbo mpana au chini ya uchafu uliobaki, na mpira wenye kamera wa kolonoskopi ukivutwa haraka havionekani. Huko Marekani, utafiti wa mwaka 2006 ulilinganisha madaktari 12: waliochukua dakika 6 au zaidi kuutoa mpira walikuta vivimbe vinavyoweza kugeuka saratani kwa asilimia 28.3 ya watu. Wenye haraka, asilimia 11.8. Dakika haziuzwi na kampuni yoyote.

Kuna pia kipete cha plastiki chenye vijimkono laini, huvikwa kwenye ncha ya kamera. Mpira ukiingia vinalala; ukitoka vinatanuka na kukunjua utumbo, kama vidole vinavyonyoosha khanga. Kilijaribiwa hukohuko kwenu Uingereza, hospitali 7, watu zaidi ya 1,700. Kwa walioitwa kupitia uchunguzi kama wa mama, waliogundulika na vivimbe walipanda kutoka asilimia 50.9 hadi 61.7. Ulizeni hospitalini kama wanacho. Wasipokuwa nacho, msiahirishe miadi.

Pesa zenu zitunzeni, kazi kubwa iko nyumbani. Dawa ya kuharisha, ya kusafisha utumbo kabla ya kipimo, kwa kawaida hugawanywa mara mbili, na sehemu ya pili hunywewa saa chache kabla ya kipimo, hata kama ni kuamka alfajiri. Mama zetu wakishaonja ladha yake, nusu huishia kwenye sinki, kwa hiyo kaa naye mpaka amalize. Mchicha, kunde na matunda ya mbegu aviache kwa siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya hospitali. Chai ya rangi anywe, maziwa hapana. Kama anameza vidonge vya kuongeza damu, kwa kawaida husimamishwa siku 7 kabla, aulize hospitalini.

Kuhusu kisukari, pigeni leo namba iliyo kwenye barua ya miadi, kabla hajaanza kujinyima chakula. Nesi atawapangia dozi za siku hizo.