Utomvu wa Msindano na Ulinzi wa Mwenyezi Mungu

Ukipita Kiwira mkoani Mbeya, au Sao Hill kule Mufindi, utaiona misindano, ambayo wengi huiita mipaina. Lichanje gome lake: utomvu wanata vidoleni. Huo ndio silaha ya mti.

Ndani yake mna vitu vya namna mbili: mafuta mepesi ya tapentaini, yaliyo sumu kwa wadudu wengi, na asidi nzito zinatazo. Mdudu atoboapo gome, utomvu hububujika ukamsukuma nje au kumzamisha. Kisha mafuta huruka hewani, na asidi hukauka zikaliziba jeraha. Lakini mti ukikosa maji siku nyingi, utomvu hudhoofika, na adui hupata njia.

Hapo mtafutaji wa kweli huuliza: Ikiwa Mungu ndiye Mlinzi, mbona misaipresi ilikauka? Kwani kidukari wake alionekana Malawi mwaka 1986, Tanzania 1988 na Kenya 1990. Yeye hatoboi gome kwa meno. Hupenyeza mrija mwembamba mpaka kwenye njia za chakula cha mti, akafyonza, na mate yake huua tawi.

Swali hili halifai kukwepwa. Msaipresi huo asili yake ni Meksiko na nchi za jirani; kidukari asili yake ni nchi zilizo baina ya Ugiriki na Bahari ya Kaspi. Wakakutana ugenini, mbali na maadui wa mdudu huyo. Wala dawa haikukosekana katika uumbaji: wataalamu walimtafuta nyigu mdogo amwangamizaye kidukari, wakamwachilia Malawi mwaka 1994.

Seyidna Ahmad a.s., akiifasiri Sura Al-Fatiha, ameeleza kwamba Rahmani hutoa bila kutangulia amali yoyote, na Rahimu hulipa juhudi. Utomvu ni kipawa cha Rahmani, mti haukuuomba. Nyigu alipatikana kwa kutafuta, na matunda ya juhudi hutoka kwa Rahimu.

Basi wewe uliyefanya baiati jana, usidhani kwamba mlango wa majaribu umefungwa. Huenda ukadhihakiwa na jamaa zako. Hilo ni jeraha la gome, na imani hai huliziba. Mwogope zaidi kidukari: uvivu wa Sala, kusengenya, kiburi kidogo. Hao hupenya kimya. Imwagilie imani yako maji kila siku kwa Sala na dua, wala usingoje ukame.