Ukimya si Sifuri: Programu ya Kujaribu Vyombo Vingi vya Mtandao

Mto Katuma hupita katika Mkoa wa Katavi na kulisha mbuga za maji za Katavi na Chada, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi iliyoanzishwa mwaka 1974. Wakati wa kiangazi maji hupungua sana, na sehemu nyingine hukauka kabisa, viboko wakasongamana katika madimbwi machache ya matope. Upande wa juu wa mto wako wakulima wanaoyahitaji maji hayo hayo. Kwa hiyo kipimo cha kina cha maji ni ushahidi katika ugawaji wake.

Ichukuliwe, kwa ajili ya somo hili, kwamba vyombo 20 vya kupimia kina vimewekwa kandokando ya mto, navyo hupeleka habari kwa redio hadi kwenye kompyuta moja mjini Mpanda. Kabla ya vipimo kuaminiwa, yahitajika programu ya kuvijaribu vyombo vyote. Mtungaji wake hana budi kuzingatia mambo manne.

1. Anwani. Kila chombo hupewa anwani yake, na kila swali namba yake. Jibu hurudi na vyote viwili. Bila hivyo, jibu la chombo cha 7 lililochelewa laweza kuandikwa kuwa la chombo cha 8.

2. Muda wa kungoja. Ikiwa vyombo vyote hutumia mawimbi yale yale, huulizwa kwa zamu, kwani majibu yakija pamoja hugongana. Kikomo cha kungoja kikiwa sekunde 3, na vyombo vyote 20 visijibu, duru moja huchukua sekunde 60.

3. Uhakiki. Chombo hutuma kipimo pamoja na jumla ya tarakimu zake. Sentimita 85 hutumwa na 13, yaani 8 + 5. Ikipokewa 35 pamoja na 13, kosa hujulikana.

4. Ukimya. Katika Mto Katuma sifuri ni kipimo cha kweli: mto umekauka. Chombo kilichonyamaza hakisemi sifuri, hakisemi kitu. Programu ikiandika sifuri mahali pa ukimya, betri iliyokwisha itageuka kuwa ukame, na wakulima wa juu watalaumiwa bure. Hivyo matokeo yawe ya aina tatu: jibu sahihi, jibu lenye kosa, na hakuna jibu.

Programu yenyewe hujaribiwa kwanza darasani, kwa vyombo vya kuigiza. Wanafunzi watano huwa vyombo, na mmoja huwa kompyuta. Kwa makusudi mmoja hunyamaza, mwingine huchelewa, na mwingine hutoa jumla isiyo sahihi. Programu njema hukitaja kila kosa kwa jina lake, kisha huendelea na vyombo vilivyobaki.

Zoezi

(a) Vyombo 6 vinaulizwa kwa zamu. Vinne hujibu kwa nusu sekunde kila kimoja, viwili havijibu. Kikomo ni sekunde 3. Duru itachukua muda gani?

(b) Sentimita 85 zimepokewa kama 58 pamoja na jumla 13. Je, kosa litagunduliwa? Buni njia bora zaidi ya uhakiki.