Mzee katika makao naye ana la kusema

Jamaa wanaotaka kumpeleka mzazi katika makao ya wazee huniuliza kuhusu usafi, chakula, na kama kuna muuguzi usiku. Ni maswali ya maana. Lakini ni nadra mtu kuuliza: mama akishaingia humo, ataamua nini mwenyewe?

Swali hilo ni la afya, si la heshima tu. Mwaka wa 1976 wataalamu wa saikolojia Ellen Langer na Judith Rodin walichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa katika makao ya Arden House, Connecticut, Marekani. Wazee wa orofa moja waliambiwa wapange vyumba vyao wapendavyo, walalamike wasiporidhika, na wachague siku ya kutazama sinema. Kila mmoja alipewa mmea autunze mwenyewe. Wale wa orofa nyingine waliambiwa wafanyakazi watawafanyia kila kitu. Mimea walipewa, lakini wauguzi ndio walioinyunyizia maji, na siku ya sinema walipangiwa.

Baada ya wiki 3, kundi la kwanza lilionekana kuwa na uchangamfu zaidi na furaha zaidi, ilhali wengi wa kundi la pili walikuwa wamedhoofika. Miezi 18 baadaye, wazee 7 kati ya 47 wa kundi la kwanza walikuwa wamefariki. Katika kundi la pili, 13 kati ya 44. Idadi hizo za vifo zisishikiliwe sana. Makundi yalikuwa madogo, na watafiti wenyewe walisahihisha hesabu zao baadaye, hata ikawa tofauti hiyo huenda ilitokea kwa bahati tu.

Kuna onyo pia. Richard Schulz aliwaruhusu wazee fulani wapange wenyewe ni lini watembelewe na wanafunzi wa chuo, na hali yao ikawa bora. Matembezi yalipokoma, hali hiyo ilishuka. Kwa hiyo makao yasiunde kamati ya wakazi kwa ajili ya wageni wa siku moja, kisha yaisahau.

Marekani, sheria ya mwaka wa 1987 iliwapa wakazi haki ya kuunda vikundi vyao, na makao hulazimika kusikiliza malalamiko yao. Kwetu Kenya, kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinataja haki ya wazee kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Sioni kwa nini haki hiyo iishie langoni mwa makao.

Unapokagua makao, omba kuzungumza na wakazi bila msimamizi kuwapo. Uliza kama wana mkutano wao, nani huuongoza, na ni jambo gani lililobadilishwa kwa sababu wao walilisema. Ukikosa hata mfano mmoja, mkutano huo ni wa jina tu.

Anayeugua kisukari hawezi kuachiwa ale chochote, lakini anaweza kuchagua kati ya vyakula viwili vinavyomfaa. Na aliyepungukiwa na kumbukumbu, asiulizwe avae nini; aonyeshwe nguo mbili, kisha asubiriwe anyooshe mkono.