Somo kwa Watumishi wa Ofisi: Fyuza ya Printa ya Rangi Inapopata Joto la Kupindukia

Watumishi wanaosimamia mashine za ofisi wanatakiwa waelewe kwamba printa ya rangi inayosita kazi na kutoa ilani ya joto imejilinda. Ada iliyoenea ya kuizima na kuiwasha papo hapo ili ilani ifutike haiondoi sababu, na huenda ikaleta moto.

Wino wa printa hizi ni unga, ambao haushiki karatasi mpaka upite katika fyuza, baina ya rola ya joto na rola ya kukandamiza. Katika mashine nyingi joto hilo hukaribia nyuzi 180 za Sentigredi. Kipima joto kilicho karibu na rola huiarifu mashine wakati wa kuwasha na kuzima joto. Kikishindwa, kikata umeme ndicho kinga ya mwisho.

Ilani inapojirudia, jambo la kuangaliwa kwanza ni wakati inapotokea. Ikitokea mara tu printa iliyolala baridi inapowashwa, aghalabu kipima joto kimeharibika, waya wake umelegea, au swichi ya kielektroniki ya fyuza imenasa na kuacha umeme ukipita muda wote. Hiyo ni kazi ya fundi. Ikitokea baada ya kurasa nyingi mfululizo, feni na matundu ya hewa yakaguliwe. Mara nyingi printa imesukumwa hadi ukutani, au matundu yamezibwa kwa mafaili.

Sababu inayosahauliwa zaidi ni bahasha. Karatasi hupokea joto la rola inapopita. Bahasha ikiwa nyembamba, sehemu ya rola isiyoguswa haina kinachoipoza, nayo huzidi kupata moto kwa kila bahasha inayofuata. Ndiyo maana baadhi ya printa hupunguza kasi zenyewe katika kazi hiyo. Hiyo si kasoro, na asiwepo wa kuzilazimisha. Bahasha zichapwe kwa mafungu madogo, na ukubwa wake uelezwe sawasawa katika mashine. Kazi ikimalizika, mpangilio wa karatasi nzito urejeshwe kuwa wa kawaida, kwani katika mashine nyingi huongeza joto.

Karatasi za plastiki zisizotengenezwa kwa printa za joto zisitumiwe kabisa. Huyeyuka, zikaizunguka rola na kukifunika kipima joto, nacho kikatoa taarifa ya uongo.

Printa isiunganishwe na betri ndogo ya akiba ya kompyuta, kwa sababu fyuza huvuta umeme mwingi kwa ghafla.

Kabla ya kufungua mashine, izimwe, plagi ichomolewe, na iachwe ipoe kwa muda usiopungua nusu saa. Unga uliomwagika ufutwe kwa kitambaa kikavu. Maji ya moto huugandisha.

Ni marufuku kabisa kuunga waya ili kukiruka kikata umeme kilichokatika, hata kama kuna nyaraka zinazongojwa siku hiyo. Fundi anayekibadilisha bila ya kutafuta kilichokikata ataitwa tena, na huenda safari hiyo fyuza nzima ikawa imeungua.

Fundi anapoitwa apewe namba ya ilani, idadi ya kurasa zilizokwishachapwa, aina ya karatasi iliyokuwemo, na maelezo kama mashine ilikuwa baridi au imekwishafanya kazi.