Alizeti peke yake haiukingi moyo

SWALI: Daktari, mimi ni mkulima wa alizeti huku Iramba, nina miaka 52. Majuzi jirani yangu alishikwa na maumivu ya kifua usiku. Tukajua ni vidonda vya tumbo, akapewa maziwa na dawa ya gesi. Kulipokucha tukamkimbiza hospitali, hakupona. Tukaambiwa ni mshtuko wa moyo. Nashangaa, maana huku tunakula mafuta ya alizeti, na chupa zimeandikwa hayana lehemu. Imekuwaje? – Msomaji, Kiomboi

JIBU: Poleni sana kwa msiba.

Nianze na chupa. Maandishi yale ni ya kweli, lakini ni sifa ya bure: lehemu ni ya vyakula vya wanyama, kwa hiyo mafuta ya mimea yote yangeweza kujisifu hivyo. Tena lehemu nyingi iliyomo kwenye damu yako inatengenezwa na ini lako mwenyewe, na mafuta yanayoganda, kama samli na ya ng'ombe, huizidisha. Alizeti yenu ni bora kuliko hayo, sikatai. Ila haiondoi madhara ya sigara wala haitibu presha. Na yale mafuta ya chipsi yanayochemshwa siku nzima mpaka yanakuwa meusi, hayo hata yakiwa ya alizeti siyapendekezi kwa mtu.

Moyo una mishipa yake midogo inayoulisha damu. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga kwenye kuta za mishipa hiyo, na presha, kisukari na tumbaku huharakisha kazi. Siku utando huo ukipasuka, damu huganda hapo hapo na njia huziba. Msuli uliokuwa ukilishwa na njia hiyo huanza kufa ndani ya nusu saa hivi. Huo ni ugonjwa tofauti na hitilafu ya umeme wa moyo, ile iliyotangazwa Machi 2021 alipofariki Rais Magufuli, ingawa mitaani yote tunaiita "moyo".

Sasa hivyo vidonda vya tumbo. Mtu akishika chembe ya moyo, jina la kwanza linalotutoka ni hilo, na usiku unapita. Maumivu ya mshtuko wa moyo mara nyingi ni uzito, kana kwamba gunia la vitunguu limelazwa kifuani. Hupanda shingoni na tayani, au hushuka mkono wa kushoto, na huja na jasho la baridi, kichefuchefu na pumzi fupi. Wanawake na wenye kisukari wanaweza wasisikie kifua kabisa, wakachoka ghafla na kutapika tu. Yakipita dakika 15 hayaachii, msisubiri kukuche. Kama hana mzio wa aspirini wala hatoki damu tumboni, atafune miligramu 300: kidonge kimoja kikubwa, au vinne vya miligramu 75. Atafune, asimeze kizima. Kisha apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na asiendeshe mwenyewe.

Kuzibua mshipa wenyewe ni kazi ya Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Kutoka Singida mjini hadi Dodoma ni takriban kilomita 240, na wewe uko Kiomboi. Kwa umbali huo, kinga ndiyo dawa yenu kubwa.

Na kinga inaanzia kwenye presha, kwa sababu haiumi. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti, ni ugonjwa. Wengi humeza dawa mwezi mmoja, wakipimwa iko sawa wanasema wamepona. Hawajapona, dawa ndiyo iliyoishusha, na wakiacha inarudi. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, kwa vyakula vyote. Mkipika mlenda kwa magadi, jueni magadi nayo ni sodiamu, ndugu wa chumvi. Mwenye presha apikiwe bila magadi. Sigara iachwe. Ugoro nao, wazee wangu mnisamehe.

Kwa umri wako wa miaka 52, usingoje kuumwa. Wiki hii nenda kituo cha afya kilicho karibu ukapime presha na sukari, na mchukue mama watoto naye akapime.